Koti la mtumba na safari ya kwanza ya watoto mlimani

Kila mwaka likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, studio yetu hupokea maswali mawili. La kwanza ni la wazazi: nitampatiaje mtoto koti la kipupwe bila kugusa hela ya ada? La pili ni la watoto wenyewe: lini tutapelekwa mlimani? Zamani tulikuwa tunayajibu kwa siku tofauti. Leo tunayajibu pamoja, kwa sababu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Jumatatu ya Pasaka, miaka miwili iliyopita, niliwachukua watoto 9 wa mtaani kwetu kupanda milima ya Mbizi. Watu wazima tulikuwa wawili tu, mimi na jirani yangu, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi zahanati. Miongoni mwa watoto alikuwemo mpwa wangu wa miaka 10. Alivaa koti jeusi, nene, linalong'aa. Nilimnunulia mimi sokoni kwa shilingi 12,000 na nilijisifu njia nzima kwamba nimelipata kwa bei ya kutupa. Ndani alivaa fulana ya pamba.

Asubuhi jua lilikuwa kali. Mtoto alipanda mlima na koti lake bila kulivua, fulana ikalowa jasho. Ilipofika saa 7 mchana wingu lilishuka, manyunyu yakaanza, na upepo ukavuma. Koti likanyonya maji kama sponji. Zipu nayo ikagoma kufunga. Baada ya nusu saa mtoto alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Halafu akaacha kutetemeka. Nikamwambia jirani, "Afadhali, amepata nafuu." Akanijibu, "Huyo hajapata nafuu, anazidiwa." Alimuuliza jina la mwalimu wake, mtoto akajibu maneno yasiyoeleweka.

Tulimpeleka nyuma ya mwamba, tukamvua nguo zote zilizolowa. Jirani akavua sweta lake la sufu na kumvika. Tukamkumbatia katikati yetu na kumpa uji wa moto wa ulezi uliokuwa kwenye chupa, kidogo kidogo. Baadaye akaanza kutetemeka tena, na hapo ndipo jirani akasema, "Sasa mwili umeamka." Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, Mungu ametusaidia.

Makosa yalikuwa yangu. Sikulikagua koti, na sikuipanga safari. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

Kwa nini baridi yetu si ya mchezo

Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda Mbizi unaongeza mita mia kadhaa juu ya hizo. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo huongeza ukali wake.

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi kama 37. Ukishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini. Mtoto hufika huko haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu mwili wake ni mdogo na ngozi inayopoteza joto ni kubwa ukilinganisha na uzito wake.

Adui mkubwa hapa ni unyevu. Maji huondoa joto mwilini haraka mara nyingi zaidi kuliko hewa kavu. Nguo ya pamba ikilowa, iwe kwa mvua au kwa jasho, hukaa na maji na kunata mwilini. Sufu hata ikilowa hubaki na joto kiasi. Nguo za poliesta hazinyonyi maji mengi na hukauka upesi. Kwa hiyo unapomchagulia mtoto koti, jiulize kwanza kama litamweka mkavu. Unene uje baadaye.

Kuchagua koti kwenye rundo

Neno mtumba maana yake ni robota, mzigo uliofungwa. Marobota haya yalianza kuingia nchini kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Wenzetu wa Zambia, kuanzia Mbala pale mpakani, huziita nguo hizi salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekua. Na kupekua ndiyo kazi yenyewe. Makoti mengi yaliyomo yalishonwa kwa ajili ya nchi za theluji. Dar es Salaam hayavaliki, lakini kwetu yana kazi. Ukifika sokoni, fanya vipimo hivi kabla ya kutaja bei.

Geuza koti ndani nje. Ukiona upande wa ndani wa kitambaa unabanduka magamba au unga mweupe, utando wa kuzuia maji umekufa. Hakuna fundi wa kuurudisha. Liache, hata kama kwa nje linang'aa. Koti la mpwa wangu lilikuwa na magamba hayo mabegani, nami sikugeuza.

Weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila shida, upepo wa kipupwe nao utapita.

Dondoshea maji kidogo begani. Yakikaa kama shanga na kuteleza, koti bado lina kinga. Yakinywewa mara moja, ujue litahitaji kazi.

Minya mikono na mgongo. Kama kujaza kwa ndani kumekusanyika chini na juu pamebaki kitambaa kitupu, joto halitakaa. Kama vinavyojaza ni manyoya ya bata, utayahisi kama vijiti vidogo vidogo. Koti hilo ni jepesi na lina joto sana likiwa kavu, lakini likilowa hunywea na kukosa faida. Kwa mtoto wa mlimani, lenye kujazwa poliesta ni salama zaidi.

Mwisho funga na kufungua zipu mara tano. Nusa pia kwapani na kolani. Harufu ya jasho hutoka kwa kufua. Harufu nzito ya ukungu yenye madoa meusi hutoka kwa shida, na kitambaa chake mara nyingi kimeoza.

Kufua bila kuliua

Nguo yoyote ya mtumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Koti lina taratibu zake.

Toa kila kitu mifukoni, funga zipu, kisha geuza ndani nje. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya mche au ya maji. Usilipige kwenye jiwe na usilikamue kwa kulisokota, kwani vilivyojazwa ndani vitakatika na kujikusanya. Libonyeze bonyeze ndani ya beseni. Usitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hula kitambaa na uzi.

Suuza mara tatu au nne, mpaka maji yatoke bila povu. Wengi tunakosea hapa. Sabuni inayobaki ndani ya kitambaa huvuta maji ya mvua, na koti zima la kuzuia maji linaanza kulowa. Wakati mwingine koti linaloonekana limechoka lina tatizo hilo tu: mabaki ya sabuni.

Lianike penye kivuli na upepo, likiwa limelazwa. La manyoya linaweza kuchukua siku tatu au zaidi. Kila baada ya saa chache lipige pige kwa viganja ili manyoya yaachane. Lisipokauka kabisa katikati litashika ukungu. Na usijaribu kuondoa doa kwa petroli au mafuta ya taa. Koti litakaa na mvuke unaoshika moto, na mtoto ataliota nalo jikoni.

Zipu, matundu na mikono mirefu

Zipu inayofunguka nyuma ya kishikio haijafa. Kilicholegea ni kile kichwa kinachoteleza. Chukua koleo, kibane polepole upande mmoja, kisha upande wa pili, huku ukijaribu kila mara. Ukikaza sana kitavunjika. Zipu nzito kuteleza ipake nta ya mshumaa au risasi ya penseli. Kama meno yameng'oka, peleka kwa fundi cherehani abadilishe yote. Koti la mpwa wangu lilipona kwa zipu mpya, na mpaka leo halijasumbua.

Tundu la koti la nailoni liwekewe kiraka cha nailoni. Usikitafute mbali: mwavuli uliovunjika una kitambaa kizuri cha kazi hii. Kata kiraka cha mviringo, maana pembe ndizo huanza kubanduka. Kishone kwa uzi wa poliesta, hatua ndogo ndogo, kisha sugua nta ya mshumaa juu ya mshono ili maji yasipenye kwenye matundu ya sindano. Usikaribishe pasi ya mkaa kwenye nailoni, itayeyuka mbele ya macho yako.

Koti la turubai au la pamba nzito linaweza kupakwa nta ya nyuki. Weka nta kwenye kopo, na kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja kwenye moto, hulipuka. Ikiyeyuka, ipake mabegani na mgongoni kwa kitambaa, safu nyembamba. Kisha funika kwa karatasi na upitishe pasi ya joto la wastani nta iingie. Koti litakuwa gumu kidogo lakini manyunyu yatateleza. Lakini kumbuka koti lenye nta hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo si la kukaa nalo karibu na figa. Na la nailoni lisipakwe nta nzima, litaziba bila kusaidia.

Mimi na fundi tulifanya hivi kwa lile koti jeusi. Utando wa mabegani haukuwa na tiba, tukashonea juu yake kipande cha mwavuli, kuanzia kolani mpaka nusu ya mgongo. Halipendezi. Lakini maji hayapiti.

Kama koti ni kubwa, usimruhusu fundi akate mikono. Aikunje kwa ndani na kuishona kwa hatua ndefu, ili mwakani aiachie. Lisiwe la kubana, kwa sababu ndani lazima sweta lienee. Ziondoe kamba ndefu za kofia na shingoni. Hunasa kwenye matawi, na zinaweza kumkaba mtoto.

Sasa tupange safari

Safari ya kwanza iwe ya siku moja, kwenda na kurudi. Kulala nje kusubiri mpaka watoto wamefanya safari mbili tatu za mchana na wewe umezijua tabia zao.

Kwa wakazi wa Sumbawanga na vijiji vya jirani, Mbizi inafaa kwa sababu iko karibu. Ni msitu wa hifadhi, una miti ya asili na mbega wekundu, na upande wa mashariki ardhi inateremka kwenda bonde la Ziwa Rukwa. Siku isiyo na ukungu mtoto anaona ziwa kwa mbali na kuelewa kwa nini babu zake waliuita ukingo huo Lyambalyamfipa. Maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wetu na Zambia, wawekeeni watoto wakubwa. Genge lile si la mtoto anayejifunza kutembea kwa msafara.

Anza na ruhusa. Msitu wa hifadhi una wenyewe, ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Uliza ofisini kwao kuhusu kibali, ada na njia inayoruhusiwa. Toa taarifa serikali ya kijiji mtakapopita. Mzazi wa kila mtoto aseme ndiyo kwa mdomo wake, na akwambie kama mtoto ana pumu, kifafa au ugonjwa mwingine. Mwenye pumu abebe dawa yake.

Itembee njia wewe kwanza, wiki moja kabla. Hesabu muda wako, kisha uzidishe mara mbili. Huo ndio muda wa watoto. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 ambao hawajazoea, kilomita 5 au 6 kwenda na kurudi zinatosha kabisa mlimani. Usijidanganye kwamba wanatembea mbali kila siku kwenda shule. Huko hawapandi mlima na hawabebi chakula.

Mtu mzima mmoja kwa watoto wanne. Mmoja aongoze mbele, mmoja awe mkia, na mwendo uwe wa yule anayetembea polepole kuliko wote. Hesabuni watoto kila mnaposimama.

Pangeni saa ya kugeuka. Mkiondoka saa 2 asubuhi, saa 6 mchana mgeuke popote mlipo, hata kama kilele kinaonekana. Sisi tulipata shida kwa sababu nilisema "bado kidogo" mara tatu.

Begi la mtoto

Begi la shule linatosha. Mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 30 abebe kilo 3, mengine ni ya wakubwa. Ndani ya begi tandika ule mfuko wa plastiki unaokuwa ndani ya gunia la sukari, vitu visilowe.

Kila mtoto awe na maji lita moja na nusu, chakula, filimbi, soksi za akiba na sweta kavu ambalo halivaliwi mpaka litakapohitajika. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai na karanga vinafaa kwa sababu havimwagiki na vinatia nguvu. Uji wa ulezi uende kwenye chupa ya chai, mkononi mwa mtu mzima. Msiwashe moto msituni.

Mtu mzima abebe plasta, bandeji, shuka moja kavu, tochi na simu iliyojaa chaji. Mtandao huko hukatika, kwa hiyo mtu aliyebaki nyumbani ajue njia yenu na saa ya kurudi, na ajue ampigie nani msipotokea.

Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa. Raba mpya za Sikukuu huchubua visigino kabla ya saa ya kwanza kuisha.

Na koti? Linakaa begini wakati wa kupanda. Wafundisheni watoto kanuni hii: ukianza kuona joto vua, ukisimama vaa. Ndani wavae nguo ya poliesta, kama jezi ya mpira, badala ya fulana ya pamba. Juu yake sweta, na koti nje. Kofia ya kufuma nayo isisahaulike.

Wafundisheni kabla ya kuondoka

Mtoto akipotea, asikimbie huku na huko. Asimame, akumbatie mti mmoja, apige filimbi mara tatu, apumzike, arudie. Mfanyeni mazoezi hayo uwanjani nyumbani, yawe mchezo. Mikono isiingizwe kwenye mashimo wala chini ya magogo, kwa ajili ya nyoka. Radi zikianza, shukeni kutoka kileleni na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Wajueni dalili za mwili kupoa. Mwanzo mtoto hutetemeka, vidole vinakuwa vizito, anashindwa kufunga kifungo. Kisha anajikwaa, anaongea kama mlevi, anakuwa mkali au mnyonge kuliko kawaida. Akiacha kutetemeka huku bado amelowa na amechoka, hiyo ni dharura. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu kuanzia kichwani na kifuani, mkumbatieni. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, msimsogeze kwenye moto mkali, na msimpe pombe hata tone. Hata akipata nafuu, apelekwe zahanati akaangaliwe.

Mwaka jana, mwezi wa sita, tulirudi Mbizi. Watoto walikuwa 8 na watu wazima wawili. Tuligeuka saa 6 kamili, kilele tukakiacha. Mpwa wangu alinung'unika kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, tutarudi lini?" Koti lake jeusi lenye kiraka cha mwavuli lilikuwa begini, mikono yake ikiwa imeachiwa sentimita nne. Mwaka huu halimwenei tena. Analivaa mdogo wake, na fundi amekwisha kuikunja upya.

Kama una koti linalokusumbua au safari unayotaka kuwapangia watoto wa kijijini kwako, tutumie ujumbe kupitia kipindi cha asubuhi. Tutamleta fundi studioni ajibu maswali yenu moja kwa moja. Kipupwe chema, msikilizaji wetu.